Nyumba ya fuko niliyotengenezewa Kamukunji: miezi 7 baadaye

Sanduku hili la kufugia fuko, lililotengenezwa na fundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, lilinigharimu shilingi 18,500, na leo limetimiza miezi 7 bila fuko hata mmoja kutoka nje. Naanza na hilo, maana kwa anayefuga fuko wasio na manyoya, wale wanyama wagugunaji wanaoishi chini ya ardhi, sanduku linalovuja si sanduku, hata lipendeze vipi.

Mimi ni mtunza wanyama wa maabara hapa Nairobi, mwaka wa 19 huu. Nimelea panya weupe, nimelea sungura, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa na kundi la fuko ambao leo wako 43. Wanafunzi huja kuwatazama, watafiti huja kuwapima uzito. Anayewalisha, anayewasafishia choo na anayeamka usiku stima ikipotea ni mimi. Kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu anayeishi na chombo, si ya aliyekiona dukani.

Niseme pia kwamba nimezaliwa Kibwezi, na fuko hawa nawajua tangu utotoni. Asubuhi, mvua ikiwa imenyesha, tulikuwa tunakuta vilima vidogo vya udongo vyenye tundu juu, na udongo ukirushwa kutoka ndani fu, fu, fu, kama mtu anayepuliza unga. Hatukuwa tunamwona mnyama mwenyewe. Mama alikuwa akichimba muhogo na kukuta umeliwa ndani, ganda limebaki. Nilipokuja kumwona fuko kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mnyama wa waridi aliyekunjamana ngozi, meno nje ya midomo, nilishangaa kwamba yule aliyekuwa akirusha udongo kwa nguvu vile hata kilo moja hafiki. Mfanyakazi wa kawaida, yaani fuko asiyezaa, ana gramu 30 au 40. Mayai mawili ya kuku yanamzidi uzito.

Kabla ya Kamukunji tulikuwa na nyumba iliyonunuliwa kwa muuzaji mmoja wa vifaa, simtaji. Ilikuwa ya mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kwa skrubu, safi, yenye rangi nzuri. Siku ya 9 niliingia saa kumi na mbili asubuhi nikakuta fuko watatu sakafuni, baridi imewashika, hawasogei. Fuko hana uwezo wa kutunza joto la mwili wake kama sisi. Joto lake hufuata la mahali alipo, na Nairobi ya Julai usiku ni baridi kwa mtu mwenye koti, sembuse kwa mnyama asiye na unyoya. Niliwaweka kifuani ndani ya sweta mpaka wakaanza kulia ile milio yao ya kama ndege. Wote watatu walipona. Nilipokagua bomba nikaona walivyotoka: pale plastiki ilipokutana na plastiki palikuwa na ukingo, na ukingo ni mlango kwa mwenye meno.

Mnyama huyu hachimbi kwa makucha. Anachimba kwa meno ya mbele. Midomo yake hufunga nyuma ya meno, ili udongo usiingie kinywani akiwa kazini. Karibu robo ya misuli yote ya mwili wake iko kwenye taya. Waliompima nguvu ya kung'ata wamekuta anang'ata kwa nguvu kuliko ukubwa wa mwili wake unavyoahidi. Ukimpa plastiki yenye ukingo, umempa kazi, na kazi hii familia nzima inaipenda: mmoja anaguguna, aliye nyuma anafagia kwa miguu, mwingine nyuma yake anafagia, mpaka wa mwisho anayerusha nje. Mkandarasi angetamani kikosi kama hicho.

Ndipo mlinzi wetu akanielekeza kwa fundi anayemjua Kamukunji. Ukishuka matatu upande wa Landhies Road, ingia katikati ya wanaopiga masanduku ya shule, mabeseni na majiko. Hapo hutazungumza, utapaza sauti, maana nyundo mia zinapiga kwa wakati mmoja. Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, hutengeneza mizinga ya mabati, vikaangio vya chipsi na vifaa vya hoteli. Nilimpelekea mchoro. Akautazama, akaukunja, akanirudishia.

"Mama, hii ni karatasi. Mimi nataka kumwona mpangaji."

"Mpangaji gani, mzee?"

"Atakayelala humo."

Nampa alama zote kwa jambo hilo moja. Nimefanya kazi na wauzaji wengi wa vifaa vya maabara, na hakuna aliyewahi kuomba kumwona mnyama kabla ya kukata bati. Alikuja Jumamosi, akakaa kwenye stuli mbele ya nyumba ya zamani saa moja na nusu, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Hakuuliza vipimo. Aliuliza watu.

"Yule mrefu ni nani?"

"Malkia."

"Mbona anapita juu ya wengine, nao wanalala chini?"

Jibu la swali hilo ndilo lililoamua sanduku litakuwaje. Ndani ya handaki fuko wawili wakikutana uso kwa uso, hawawezi kupishana ubavu kwa ubavu. Mmoja hulala chini, mwingine hupita juu ya mgongo wake. Anayepita juu ndiye mwenye cheo, na cheo katika kundi hili hufuatana sana na uzito. Malkia hupita juu ya wote. Chini yake wako wale wakubwa wakubwa, na wadogo hulalia sakafu siku nzima. Ukikaa na kalamu na karatasi, ukiandika nani alipita juu ya nani, baada ya siku chache una safu nzima ya vyeo mbele yako. Kwa hiyo handaki likiwa jembamba mno, umevuruga mambo ya nyumbani mwao: wanakwama, wanasukumana, wanaanza kung'atana. Likiwa pana mno wanapishana bila adabu, na halifanani tena na shimo la porini.

Fundi akasema, "Basi tunapima kwa mama huyu. Wengine wataenea."

Watu wengi hukosea hapo, hata wenye shahada. Hupima handaki kwa mfanyakazi wa kawaida kwa sababu ndio wengi. Kipimo cha nyumba hii ni malkia mwenye mimba akipita juu ya dume kubwa. Tuliafikiana sentimita 5 na nusu kwa ndani, na miezi 7 imethibitisha.

Nimweleze kidogo malkia huyu, kwa sababu bila kumjua hutaelewa kwa nini nalisifu bati.

Wengi wetu tukisikia malkia tunafikiria nyuki. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo juu ya mibuyu, na kwa nyuki malkia hutengenezwa tangu akiwa buu, kwa chakula anacholishwa. Fundi naye alidhani hivyo. Kwa fuko si hivyo. Jike anayezaa ni mmoja tu katika kundi, pamoja na madume mmoja hadi watatu, na kundi la porini huwa na wanyama 70 au 80 kwa wastani, mengine yakikaribia 300. Lakini wale majike wengine wote wana uwezo uleule, umelala tu. Ovari zao zimebaki kama za mtoto asiyebalehe. Malkia akifa au akiondolewa, majike wakubwa huamka na kupigania nafasi, mara nyingine mpaka kufa, na anayeishika kwa kawaida ni yule aliyekuwa na cheo cha juu na mwili mkubwa. Mwenye nguvu huzaa, kisha kuzaa nako kunambadilisha mwili. Pingili za uti wa mgongo wake, zile za kiunoni, hurefuka akiwa mtu mzima tayari. Hebu fikiria: mfupa wa mama mzima unarefuka kwa sababu amekuwa mzazi. Anapata tumbo refu badala ya tumbo pana, na hivyo hubeba mimba kubwa bila kuziba handaki. Anaweza kuzaa zaidi ya watoto 20 kwa mpigo mmoja, imerekodiwa hata 27, baada ya mimba ya siku 70 hivi.

Nilipomwambia fundi hilo alinyamaza, kisha akasema nyumba yake imemjenga yeye. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi nikisafisha.

Ukubwa huo wa malkia una kazi ya kila siku pia. Anapiga kumbo. Anamkabili mfanyakazi pua kwa pua na kumsukuma kinyumenyume, wakati mwingine urefu wa mkono mzima. Mtafiti Hudson Reeve alionyesha mwaka 1992 kwamba malkia huwasukuma zaidi wafanyakazi wakubwa wavivu, na kwamba akiondolewa kazi hupungua. Mimi nayaona hayo kila asubuhi nikileta viazi vitamu. Kumbo zake huzisikia kabla hujaziona: katika bomba la plastiki la zamani zilikuwa zinatikisa viungo vyote. Viungo vikaachia, vikalegea, meno yakamalizia. Sanduku la fuko linakabiliwa na nguvu mbili, jino na kumbo, na mafundi wengi hufikiria jino tu.

Sasa kazi yenyewe.

Vyumba viko vinne: cha kulala, cha chakula, cha choo na kimoja cha ziada cha takataka za kuchezea. Choo ni lazima, msikipunguze kuokoa pesa. Fuko wana sehemu moja ya kujisaidia na wanaiheshimu kuliko watu wa mabasi. Kuta ni bati la stenlesi kutoka mabaki ya vifaa vya hoteli. Nilikataa bati la kawaida kwa sababu ya zinki iliyopakwa juu yake: mnyama anayeguguna siku nzima atameza, na zinki ikizidi mwilini ni sumu. Fundi alinung'unika kuhusu bei, stenlesi ikaongeza 4,000, lakini alikubali hoja. Kifuniko na upande mmoja wa mahandaki ni perspeksi nene, plastiki angavu kama kioo, tuliyokata kwa mafundi wa mabango karibu na River Road, ili tuone ndani.

Usanii wa mzee huyu uko kwenye viungo. Kila mahali perspeksi inapokutana na bati, bati limekunjwa kurudi nje, kama pindo la sketi, na ukingo wa perspeksi umefichwa ndani ya pindo hilo. Ukiwa fuko, ukitembeza meno ukutani kote, unakuta uso laini tu. "Jino lazima lipate pa kushika," aliniambia, "tusimpe." Ribiti zote vichwa vyake viko nje. Matundu ya hewa ni madogo ya milimita 3, yametobolewa kutoka ndani kwenda nje, kisha yakapigwa msasa upande wa ndani mpaka kidole changu kikapita bila kuhisi. Nimehesabu mikwaruzo ya meno kila mwisho wa mwezi. Ipo kwenye perspeksi ya chumba cha chakula, kwenye kona mbili, mifupi kama ya sindano. Hakuna iliyofika popote.

Kitu cha pili ninachokisifu kwa moyo wote ni kipande cha mizani. Ni sehemu ya handaki, urefu wa sentimita 15, inayochomoka, na ina vilango viwili vya kuteleza. Fuko akipita unashusha vilango, unachomoa kipande, unakiweka juu ya mizani ya jikoni, unatoa uzito wa kipande, basi. Hapo awali tulikuwa tunawashika mkiani na kuwaweka kwenye bakuli, wakipiga kelele, na malkia akikasirika kwa saa nzima. Siku hizi kundi lote napima kwa asubuhi moja na hakuna anayelia. Kwa anayetaka kufuata habari ya nguvu na uzazi, uzito ndio daftari lake la kwanza. Nimewaona kwa macho yangu madume wawili wanaozaa wakikonda mwezi baada ya mwezi tangu walipokubaliwa na malkia, na walioandika juu ya fuko wa maabara nyingine wameona jambo hilohilo: dume huingia kwenye cheo akiwa mnene, kisha cheo kinamla. Malkia ananenepa na kurefuka, mume anakonda, na wote ni wazazi wa watoto walewale. Hilo linanigusa kila ninapoandika tarakimu zao.

Malkia mwenyewe naye hapati cheo bure. Jamaa yao wa kusini, fuko wa Damaraland, naye anaishi kwa familia yenye jike mmoja anayezaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jike anayepanda cheo hurefuka pingili za kiunoni kama huyu wetu, lakini mfupa wake wa paja hupungua unene wa ukuta, hasa akizaa mara nyingi, na hatari ya kuvunjika huongezeka. Madini ya watoto yanatoka mahali fulani. Ndiyo maana nilimwomba fundi asitie ngazi wala mteremko mkali ndani ya sanduku, ingawa mwanafunzi mmoja alitaka kuona wakipanda. Wetu ni wa jamii nyingine na sijamwona akivunjika, lakini simjengei mama mwenye mimba ngazi.

Sasa mapungufu, maana yapo.

La kwanza ni muda. Aliniahidi siku 10, nikapata baada ya wiki 3 na siku 2. Nilipanda matatu kwenda Kamukunji mara tano. Kila mara nilikuta kazi imesogea kidogo, haikuwa imelala, lakini alikuwa amechukua oda ya vikaangio katikati na oda hiyo ilikuwa na mwenye hoteli anayesimama juu ya kichwa chake. Ukienda kwake, usimpe amana na kupotea. Pita, salimia, mletee mnyama hata kwenye picha. Anakumbuka uso kuliko risiti.

La pili ni sakafu. Bati lilikuwa limegusa meza moja kwa moja, na bati hunyonya joto. Usiku wa kwanza nilipima chumba cha kulala nikapata nyuzi 24, wakati fuko wanataka kama 30. Walikuwa wamerundikana tabaka tatu, malkia katikati ya rundo, watoto wa mwaka jana juu kabisa wakitetemeka. Nililala pale maabara, na chupa za maji moto. Asubuhi nikampigia simu, akaja siku hiyohiyo na boda, na mbao za inchi moja chini ya kila chumba, kwa nje, meno yasipofika. Hakunitoza. Tangu hapo joto limekaa 29 hadi 31, na taa ya kupasha joto nimeiweka upande mmoja tu ili wachague wenyewe.

La tatu ndilo linaloniuma. Tulimwomba kifaa cha kupima nguvu ya kung'ata: vibapa viwili vyembamba vya chuma vyenye bawaba, vimefunikwa ngozi ili meno yasiumie, vimeunganishwa na kile kipimo cha mizani ya kuning'iniza mizigo. Fuko hung'ata kwa hiari chochote ukimsogezea mdomoni, kwa hiyo wazo ni zuri, na watafiti wenye vifaa kamili hupima kwa njia ya namna hiyo. Lakini bawaba ya fundi ina mchezo. Aking'ata mbele kabisa ya bapa unapata namba moja, aking'ata nusu sentimita ndani unapata nyingine, na mnyama ni yuleyule, dakika ileile. Niliwapima fuko 10, mara tatu kila mmoja, nikakuta tofauti ya mnyama na nafsi yake ni kubwa kuliko tofauti ya mnyama na jirani yake. Kwa kipimo cha hivyo huwezi kusema kama malkia anang'ata kwa nguvu kwa sababu ni malkia au kwa sababu ni mkubwa, na swali lote liko hapo hapo. Maana mzazi ndiye mkubwa, na mkubwa hung'ata zaidi. Ili utenganishe cheo na uzito unahitaji mzazi na asiyezaa wenye gramu zilezile, na chombo kisichotikisika. Namba zangu nimezifuta. Kifaa kimebaki cha kuonyeshea wanafunzi: wanasikia kile kishindo kidogo cha meno kwenye ngozi, wanaelewa kwamba gramu 40 si kitu cha kudharau. Kwa shilingi 2,500 vilizogharimu vibapa hivyo, nilitarajia zaidi. Nimemwambia, na yeye amekiri kwamba bawaba ndogo vile hajawahi kuzitengeneza. Kazi hiyo itafutiwe fundi wa saa, sio wa mabeseni.

Pamoja na kifaa hicho, hesabu ilikuwa hivi: stenlesi na kazi ya bati 9,500, perspeksi na kukatwa kwake 5,000, kipande cha mizani 1,500, vibapa 2,500. Nililipa nusu mkononi, nusu kwa M-Pesa siku ya kupokea. Mkokoteni wa kutoka Kamukunji haukuwezekana kwa sababu ya perspeksi, tukachukua teksi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa tano wa sanduku. Malkia alikuwa na gramu 58 nilipomhamishia. Mimba ilipokomaa, kipande cha mizani kilisoma 79. Tumbo lilikuwa refu, limejaa, ngozi imevutika mpaka unaona kama karatasi yenye taa ndani. Wiki ya mwisho nilikuwa nachelewa kwenda nyumbani ili tu nimtazame kwenye handaki la kwenda chakula, kwa sababu nyumba ya zamani ndipo alipokuwa akikwama, akirudi nyuma, wafanyakazi wakilundikana. Safari hii alipita. Nilimwona akikutana na yule jike mkubwa wa pili, ambaye namtazamia kuwa malkia siku moja, mwenye gramu 52. Walisimama pua kwa pua. Yule wa pili hakulala chini mara moja kama wengine. Alingoja. Malkia akampiga kumbo moja, mbili, ya tatu ikamrudisha mpaka kwenye kona ya choo, sauti ya bati ikajaa chumba, na viungo havikutikisika hata kidogo. Kisha jike akalala, na malkia, na mimba yake yote, akapita juu.

Alizaa watoto 14 siku ya nne baadaye. Wanaoishi ni 11.

Fundi alikuja kuwaona. Nilimpa stuli ileile. Watoto wa fuko wakizaliwa ni kama maharagwe yenye miguu, wazi kiasi kwamba unaona maziwa tumboni. Malkia ndiye anayenyonyesha, wengine wote wanabeba, wanalamba na kurudisha waliotambaa mbali. Alikaa kimya muda mrefu, mikono ya nyundo imelala magotini, kisha akaniuliza kama mimi, kwa uzoefu wangu, naona yule wa pili atapata nafasi huyu akiwa hai. Nikamwambia fuko wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30 na malkia wengi hushika cheo kwa miaka mingi. Akatikisa kichwa.

"Basi yule anakula ugali wa kungoja," akasema.

Wanaotaka kumpata: Kamukunji, upande wa wanaopiga masanduku ya shule, uliza mzee wa vikaangio. Jumatatu hayupo. Nenda asubuhi kabla ya saa tano, kelele zikiwa bado chini. Usimpelekee mchoro.

Nami nimeshamlipa amana ya sanduku la pili. Kundi linakua, na yule jike wa gramu 52 nimepima jana, amefika 55. Nimeagiza chumba cha ziada chenye mlango wa kufunga kwa nje, na handaki nimeacha sentimita 5 na nusu vilevile.